Re: Nachemsha maji ya tangi, mbona meno ya mtoto yana madoa?

Jambo mama. Unasema maji ya mvua unayachemsha, unaweka na klorini, lakini meno mapya ya mkubwa yanatoka na madoa ya kahawia. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Madoa hayo huenda yanatokana na floraidi, madini yanayoyeyuka ndani ya maji, ambayo ikizidi huharibu meno yanapojengeka. Floraidi haitoki kwa moto. Maji yakipungua kwenye sufuria, yenyewe inazidi kukolea. Klorini nayo haiiondoi.

Angalia kwanza mabati. Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira hubeba floraidi, majivu yanatua juu ya bati, mvua inayasomba mpaka ndani ya tangi. Kwetu hapa Goma tunatoa bomba, tunaacha mvua ioshe bati, ndipo tunakinga. Hilo linapunguza, halimalizi, maana mvua yenyewe imepita kwenye moshi ule. Kwa hiyo peleka maji yapimwe: Shirika la Afya Duniani linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Na mganga wa meno aangalie, mimi kwa maelezo tu siwezi kuhakikisha.

Madoa yaliyokwisha kutoka hayatafutika kwa kubadili maji. Ila meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi hadi karibu miaka 8, basi mtoto wako mdogo, huyo wa miaka 2, ndiye wa kukimbilia. Maji yake ya kunywa na ya uji yatoke kwingine kuanzia leo, tafadhali.