Mungu ameahidi majira hayatakoma. Sola ya nini?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa. Vijana wetu wanataka tuachane na jenereta tufunge sola juu ya paa la kanisa, na wanasema kutunza mazingira ni sehemu ya imani. Kwenye kikao niliwasomea Mwanzo 8:22: “Muda nchi idumupo, majira ya kupanda, na mavuno, wakati wa baridi na wakati wa hari, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, mchana na usiku, havitakoma.” Mungu akishaahidi, sisi tunahangaika na nini? Tena Bwana yu karibu kurudi. Sadaka si ingekwenda kwenye Injili?

JIBU: Amina, mzee wangu. Ahadi hiyo naiamini kama unavyoiamini wewe. Ila rudi nyuma sura mbili umtazame aliyepewa. Ni mtu aliyeambiwa ajenge safina ya mti wa mvinje na kuitia lami ndani na nje. Nuhu hakusema, “Mungu akitaka kuniokoa ataniokoa tu.” Alipaka lami ndani, akazunguka akapaka na nje. Ahadi yako ilimkuta ametoka kazini.

Halafu angalia kilichoahidiwa. Majira hayatakoma, kaskazi itavuma na kusi itavuma. Hatukuahidiwa kwamba tukiyavuruga hatutaumia. Kabla ya zama za viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, kama 280 zilikuwa hewa ya ukaa. Leo zimepita 420, na chanzo kikubwa ni makaa ya mawe, mafuta na gesi tunazochoma. Hewa hiyo hunasa joto. Nayo anga ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7, kwa hiyo ardhi hunyonywa maji upesi, na mvua ikija humwagwa kwa mkupuo. Majira yapo, mzee wangu, lakini mkulima anayasubiri na hayatambui.

Na wala haya si maneno ya wasioamini. John Houghton, mwanafizikia wa Wales aliyeongoza kwa miaka mingi kundi la sayansi katika jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, alikuwa Mkristo wa kiinjili na hakuificha imani yake. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliandika waraka mzima juu ya kuitunza dunia, na mwaka huohuo viongozi na wanazuoni wa Kiislamu walikutana Istanbul wakatoa tamko lao.

Nikueleze lililonigeuza mimi. Jenereta yetu ilikuwa nyuma ya chumba cha maombi. Kijana mmoja alikuwa akitoka katikati ya wimbo kwenda kuongeza dizeli. Siku ya Meza ya Bwana nilimfikia na mkate, akasita kunyoosha mikono. Aliifuta kwenye suruali, mbele na nyuma, akainyoosha huku ameinamisha kichwa. Weusi ulikuwa umekaa kwenye kucha, na harufu ya dizeli ilinifikia kabla ya mkono wake. Niliondoka pale nikijiuliza ni wangapi wanaochafuka na kuugua kwa ajili ya mwanga ninaosomea Neno. Wanaoumia kwanza kwa ukame na mafuriko ni walewale waliochoma kidogo kuliko wote. Ukiniuliza jirani yangu ni nani, naanzia hapo.

Kuhusu kurudi kwa Bwana, wewe mwenyewe umefundisha habari za wakili mwaminifu. Bwana wake alimkuta kazini, nyumba imetunzwa. Adamu naye aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na agizo hilo lilitangulia dhambi.

Vijana nao wana la kusikia. Wasimwite anayepinga kwamba hana imani, na wasiifanye paneli kuwa wokovu. Paneli hudumu miaka 25 na zaidi, betri huchoka mapema zaidi ya hapo, na nimeona kanisa likirudi gizani kwa sababu hakuna aliyeweka akiba ya betri mpya. Basi kabla ya kupiga kura, orodhesheni kila taa na kila spika, wati zake na saa zinazowaka kwa siku. Mfumo ununuliwe kwa hesabu hiyo. Mteueni mtu wa kufuta vumbi kwenye paneli, asubuhi kabla kioo hakijapata moto. Fedha mliyokuwa mkinunulia dizeli itengeni kila mwezi: sehemu iwe ya betri, na inayobaki ipelekeni kwenye Injili, kama ulivyotaka.

Kijana wenu anayewasha jenereta naye mwiteni kikaoni. Mpeni nafasi aseme kabla ya wazee.