Nisome uchumi wa biashara au uhasibu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya EGM. Uchumi nimepata B, Jiografia C, Hisabati E. Natamani kusoma uchumi wa biashara chuo kikuu, ila mjomba aliyeahidi kunilipia ada anataka nisome uhasibu, eti mchumi haajiriwi. Mama anauza mchele hapa mjini na ameniachia niamue mwenyewe. Hisabati nayo inanitisha. Nifanyeje?
Msomaji, Kahama

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa hiyo B.

Tuanze na mchele wa mama, maana hapo ndipo utajijua. Tuseme ananunua kilo kwa shilingi 2,000 na kuuza 2,600, kila kilo inamwachia 600. Jirani anashusha bei, naye mama anafikiria kuuza 2,500. Shilingi mia tu, haifiki hata asilimia 4 ya bei. Lakini faida ya kila kilo imeshuka kutoka 600 hadi 500. Alikuwa akiuza kilo 100 kwa siku anabaki na 60,000. Sasa, ili abaki na hizohizo, lazima auze kilo 120. Je, hiyo mia moja italeta wateja wa kumaliza kilo 20 za ziada? Kama wanunuzi wake ni mama ntilie wanaopita duka hadi duka wakiulizia bei, huenda ikawaleta. Kama wanamfuata kwa sababu mchele wake hauna mawe na anawakopesha hadi mwisho wa mwezi, atakuwa anajipunguzia kipato bure.

Chuoni utalikuta swali hilihili limevaa nguo za kiwanda, benki na kampuni ya simu, na utafundishwa kulipima kwa takwimu badala ya kukisia. Kama umefika hapa ukashika kalamu kujaribu bei ya 2,550, kozi hii ni yako. Kama hesabu hiyo imekuchosha ukairuka, basi msikilize mjomba, na wala si aibu.

Yapo na maswali mapana zaidi. Mwaka 1937 Mwingereza mmoja, Ronald Coase, aliuliza: kama kila huduma inapatikana sokoni, kwa nini watu wanaanzisha kampuni na kuajiri? Akajibu kwamba kulitumia soko kwenyewe kuna gharama: kuulizia bei, kupatana, kuhakikisha uliyepatana naye hakuangushi. Gharama hizo zikiwa kubwa, ni nafuu kazi ifanyike ndani ya kampuni. Mwaka 1991 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Sasa mwangalie mama: akodi lori kila anapokwenda kununua mzigo, au anunue la kwake na kuajiri dereva? Nikifundisha mada hii, wanafunzi waliokulia kwenye familia za biashara ndio wanaobaki mlangoni kuniuliza zaidi, na mimi hufurahi mno.

Mjomba ana hoja, usimbishie kwa hasira. Tangazo la kazi ya mhasibu linasema wazi "mhasibu", na mwenye digrii ya uhasibu yuko karibu zaidi na mitihani ya CPA (sifa ya kitaaluma ya uhasibu) ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, kuliko utakavyokuwa wewe ukisoma uchumi. Mchumi wa biashara anaajiriwa kwa majina mengi: ofisa mikopo, mchambuzi wa masoko, ofisa mipango. Inabidi ujifunze kuzitambua nafasi zako. Serikalini kuna cheo cha Mchumi Daraja la II. Tafuta matangazo yake ya Sekretarieti ya Ajira, usome sifa zinazotakiwa, kisha ulinganishe na jina la digrii unayotaka kuomba. Fanya hivyo kabla ya kujaza fomu, si ukiwa mwaka wa tatu. Mwoneshe na mjomba, msome pamoja. Mzazi anayelipa ada ana haki ya kuona unakokwenda. Na hata kama ameahidi, omba Bodi ya Mikopo pia. Mambo ya watu wazima hubadilika.

Kuhusu hisabati, sitakupamba. E ni ufaulu, lakini soma mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) programu moja baada ya nyingine, kwani masharti ya hisabati hayafanani. Ukishaingia, mwaka wa kwanza una kalkulasi na takwimu, baadaye inakuja ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, na hapo ndipo wengi hupata sapu (mtihani wa marudio). Nimeona wenye A za kidato cha sita wakikwama kwa kukariri, na wenye E wakivuka kwa kufanya maswali kila siku. Tumia miezi hii kurudia mada mbili tu: utofautishaji (differentiation) na uwezekano (probability). Hizo ndizo zitakazokukuta wiki za mwanzo.

Halafu chukua daftari dukani kwa mama. Kila jioni andika tarehe, bei ya siku, kilo zilizouzwa, na bei ya jirani ukiweza kuijua. Ziingize kwenye Excel. Ukifika kwenye somo la takwimu utakuwa na data zako mwenyewe, na mama atakuwa na jibu la ile shilingi mia.