Nyumba zilizotwaliwa na benki Marekani: pesa za NSP zilivyofanya kazi na zilipokwama

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. Baada ya msukosuko wa mikopo ya nyumba kule Marekani serikali ilimwaga mabilioni kuokoa mitaa, mbona wenye nyumba waliendelea kutolewa nje? Na mbona pesa nyingine ziliishia kulipia tingatinga badala ya watu kupewa nyumba?

La kwanza ni jepesi. Pesa hizo hazikuwa za mdaiwa. Mpango wa Neighborhood Stabilization Program, kwa kifupi NSP, ulilenga nyumba ambayo imeshatwaliwa au imetelekezwa, isigeuke gofu na kushusha thamani ya majirani. Mdaiwa alikuwa na mlango wake mwingine, mfano HAMP ya 2009 ya kupunguziwa rejesho. Watu wengi walichanganya milango hiyo miwili.

Mafungu yalikuwa matatu: dola bilioni 3.92 kwa sheria ya Julai 2008, bilioni 2 mwaka 2009 ambazo ziligombewa kwa maombi, na bilioni 1 mwaka 2010. Msimamizi alikuwa HUD, wizara ya nyumba na maendeleo ya miji. Katika fungu la kwanza, jimbo au mji ulipewa miezi 18 kuziingiza pesa zote kwenye mikataba na miaka 4 kuzimaliza. Kwa maoni yangu miezi 18 ndiyo iliyoponza wengi. Ukikimbizwa na kalenda unanunua chochote kinachopatikana, moja huku, moja kule, na nyumba moja iliyopakwa rangi upya kati ya magofu matano haipati mteja. Ndiyo maana fungu la tatu lilikuja na ramani ya mtandaoni: unachora eneo lako, inakukadiria ni nyumba ngapi lazima uziguse ndipo mtaa uonyeshe mabadiliko.

Sasa nyumba moja ilipita wapi? Kwanza mapitio ya mazingira. Ukijifunga kununua kabla hayajakamilika, gharama za nyumba hiyo zinaweza kukataliwa, kwa hiyo wajuzi walitoa ofa yenye masharti. Kisha mthamini: tathmini isizidi siku 60 kabla ya ofa ya mwisho, na bei iwe angalau asilimia 1 chini ya thamani hiyo. Hapo ndipo nyumba zilipoponyoka. Benki ikichelewa kujibu, tathmini inapitwa na wakati na unaanza upya, huku mwekezaji mwenye fedha taslimu ameshalipa. Dawa yake ilikuwa utaratibu wa benki kuionyesha halmashauri au asasi ya nyumba orodha yao kabla ya kuitangaza sokoni. Na kama kuna mpangaji halali ndani, humtoi kienyeji: anapewa notisi ya siku 90 kwa uchache, na mara nyingi ana haki ya kumaliza mkataba wake.

Hesabu yenyewe, tuchukue mfano. Nyumba imethaminiwa dola 60,000, unainunua 59,400. Ukarabati 70,000. Jumla 129,400. Sokoni inauzika 90,000. Hizo 39,400 zimezama, na hilo lilitarajiwa. Ndiyo ruzuku yenyewe. Huruhusiwi kuuza zaidi ya gharama za kununua na kukarabati, na gharama za kukata nyasi au kuziba madirisha kwa mbao wakati nyumba imekaa tu hazihesabiwi humo. Mnunuzi awe na kipato kisichozidi asilimia 120 ya kipato cha kati cha eneo, apitie saa 8 za mafunzo ya mnunuzi. Angalau asilimia 25 ya pesa zilipaswa kuhudumia walio chini ya asilimia 50, na kwa kuwa hao benki haziwakopeshi kirahisi, sehemu kubwa ya fungu hilo ilikwenda kwenye nyumba za kupangisha.

Kilichoua bajeti zaidi ni baridi. Nyumba isiyopashwa joto ndani ikipita usiku mmoja wa barafu, maji yanaganda na bomba linapasuka. Barafu ikiyeyuka, sakafu zote zinaloa. Ilibidi siku ileile ya kukabidhiwa funguo ufunge maji kwenye mita, ufungue koki zote, upulize mabomba kwa kompresa, kisha umwage dawa ya kuzuia kuganda kwenye mikunjo ya sinki na choo. Wengine walisubiri mkandarasi apatikane kwanza. Mwizi wa shaba naye hakusubiri: anachana ukuta kufuata bomba, anaondoka na shaba ya dola chache, anakuachia hasara ya maelfu. Kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 1978, ongeza upimaji wa rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Tingatinga sasa. Miji kama Cleveland na Detroit ilikuwa na nyumba nyingi kuliko watu wa kuzikaa. Ukarabati wa 70,000 kwenye nyumba itakayouzwa 20,000 hauna mantiki, kwa hiyo benki za ardhi, yaani mashirika ya umma yanayoshika nyumba na viwanja vilivyotelekezwa, zilitwaa viwanja, zikabomoa. Kubomoa nako kuna utaratibu: gesi na umeme vikatwe, bomba la maji taka lizibwe, asbesto ipimwe na kuondolewa, halafu ndiyo kuta. Kosa la kawaida ni mkandarasi kufukia kifusi kwenye shimo la chumba cha chini ya ardhi na kumwaga udongo juu. Miaka michache baadaye kiwanja kinatitia na hakijengeki. Mkaguzi lazima aone shimo tupu kabla ya udongo kuingia, si baada. Kiwanja nacho hakikuruhusiwa kukaa benki ya ardhi zaidi ya miaka 10 bila kupangiwa matumizi.

Kwa ndugu walioko Ohio au Michigan wanaonunua nyumba za aina hii leo: kabla ya kusaini, kagua kumbukumbu za hati kaunti. Mnunuzi wa kwanza akiwa amepewa ruzuku, kwa kawaida hufungwa na masharti ya ruzuku hiyo kwa miaka 5 hadi 15 kulingana na kiasi, na baadhi ya miji iliongeza. Mkopo wa pili unaosomeka hapo, yaani ruzuku iliyosajiliwa kama deni juu ya nyumba, unaweza kuwa haujafutwa, hata kama muuzaji anaapa umekwisha. Mwambie alete hati ya kufutwa iliyosajiliwa.