Kompyuta za ofisini usizipe majina ya watu

Mie kazi yangu kuangalia kompyuta za ofisi, Unguja na Pemba, na zamani kila mashine nilikuwa naipa jina la anaeitumia, naona ndo rahisi. Mpaka siku moja nipo mjini Unguja napigiwa simu kompyuta ya masjala Chake, kule Pemba, imeganda, nikaingia kwa rimoti, nikaliona jina la dada wa masjala, nikaristati palepale. Kumbe yule dada kashahamishiwa Wete zamani na mashine yake wamepewa watu wa malipo, na mama wa watu alikuwa anaingiza vocha toka asubuhi hajasevu. Zote zikapotea. Nilimsikia kwenye simu anazipanga upya karatasi zake moja moja, iliniuma sana.

Basi nikahamia majina ya idara na mahali, nako nikakwama. Windows bado inabeba jina la aina ya NetBIOS, yaani jina fupi la mtindo wa zamani ambalo mashine zinajuana nalo kwenye netiweki, na mwisho wake ni herufi 15, sasa nikaandika UHASIBU-CHAKECHAKE1 na ya pili UHASIBU-CHAKECHAKE2, zote zikakatwa zikabaki UHASIBU-CHAKECH, ya pili ikawa inaleta meseji kwamba jina lishatumika.

Ninachofanya sasa jina halisemi mtu wala chumba, maana hivyo ndo vinavyobadilika. Deskitop naiita ZNZ-D-014, ya Pemba PMA-D-006, ZNZ na PMA ni vifupisho vya viwanja vya ndege kila mtu kashaviona kwenye tiketi. Laptop sizitii kisiwa kabisa, ni L-021 basi, kwa sababu laptop leo ipo Malindi ya Unguja kesho ishapanda boti na mwenyewe, iko Mkoani Pemba. Namba ziwe tarakimu tatu toka mwanzo ili kwenye orodha zikae kwa mpango, 002 kabla ya 010. Tumia herufi, namba na kistari cha kati tu, usitie nafasi wala kistari cha chini. Na tafadhali usiite mashine MSHAHARA au MKURUGENZI, jina linaonekana na kila alieingia kwenye netiweki, unamuonesha mwizi pa kuanzia.

Nani anatumia, chumba gani, sirio namba, hayo yote yanakaa kwenye daftari au Excel, mtu akihama unabadilisha mstari mmoja, jina la mashine huligusi. Mashine mpya ibadilishe jina kabla hujaiunga kwenye domeni (ule mfumo mmoja unaosimamia kompyuta zote za ofisi), lile DESKTOP-na-herufi-zake inalokuja nalo ukiliacha utakuja kutafuta ni la mashine ipi.

Halafu stika. Bandika mbele ya sipiyu, sio nyuma kwenye vumbi, na juu yake pitisha tepu ya plastiki maana kwa unyevu wetu huu na hewa ya chumvi wino unafutika masika moja tu. Mie sasa nikipigiwa simu sigusi kitu mpaka anisomee hiyo stika, herufi kwa herufi.