Bwana Kopo asitubu: mhusika wa katuni anakuaje?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tuko watatu hapa Mikindani, tunatengeneza katuni ya kuchekesha ya dakika tano. Mhusika mkuu ni Bwana Kopo, mnunuzi wa kangomba (biashara ya korosho nje ya mfumo rasmi) anayewapunja wakulima korosho kwa kopo alilolitanua kwa nyundo. Tumefika sehemu ya 60 na watazamaji wanasema amechuja. Mwenzetu anataka Kopo atubu, aoe, ahamie Dar. Tumfuate?

JIBU: Marahaba. Msimfuate. Swali hili naletewa kila mara, na dawa inayopendekezwa ni ileile: harusi, mapacha au basi la Dar.

Kopo anachekesha kwa sababu ana tamaa na tamaa yenyewe inamponza. Mkiiondoa mtabaki na mzee mwema anayezurura Kariakoo. Kilichowachosha watu ni ujanja uleule, kukamatwa kulekule, halafu sehemu inayofuata kijiji kizima kimesahau.

Tamaa ibaki. Kibadilike anachokijua na gharama anayoilipa. Korosho siku hizi zinapita chama cha msingi, mizani, stakabadhi ghalani (risiti ya mzigo uliowekwa ghalani), mnada. Basi kopo lake lipate adui. Sehemu ya 61, mkulima mmoja agome kupimiwa. Ya 62, Somoe, binti wa Kopo, aonekane kwa nyuma anaandika kilo daftarini, bila neno. Ya 63 ndipo awe karani wa mizani. Hapo Kopo inabidi aibe mbele ya mwanawe. Na sehemu ya 64 Somoe asirudi kuwa mtoto wa kutumwa maji, maana mtakuwa mmefuta kazi yote.

Umri ukiganda si kosa. Lisa wa The Simpsons, katuni ya Marekani, ana miaka 8 tangu 1989, lakini aliacha nyama mwaka 1995 na hadithi haijamrudisha kwenye nyama. Ila angalieni sauti: mvulana anayeigiza leo atabalehe. Bart, kaka yake Lisa, amepewa sauti na mwanamke mtu mzima, Nancy Cartwright, tangu mwanzo.

Msianze kuchora. Rekodini sauti za sehemu ya 61 hadi 63, ziwekeni juu ya michoro ya penseli isiyotembea, mwonesheni mtu ambaye hajawahi kuitazama katuni yenu. Akiuliza "huyu nani?" mara mbili, rekebisheni maneno. Somoe akishavaa nguo za ukarani mnamchora upya mbele, ubavu na nyuma, pamoja na midomo ya kila sauti. Kosa likigundulika hapo, mmepoteza wiki.

Kuna watu wanauza kwenye magrupu ya WhatsApp "siri za kupata watazamaji": ua mhusika, gombanisha wahusika, toa kipande kila siku. Ni uganga wa kienyeji wenye risiti. Mkimuua mhusika kama bibi muuza mihogo mtapata kelele za siku chache, kisha mtagundua nusu ya vichekesho vya Kopo vilikuwa vinamtegemea yeye kumjibu. Hapo mtamfufua kwa ndoto, na anayetazama hataogopa tena lolote linalotokea. Mtu wa namna hiyo akiwadai ada ya kozi, kwanza ataje kasoro ya Kopo na sehemu ilipoanza kuonekana.