Mbona samaki wa mawe hawahami?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila jioni huketi juu ya majabali ya Bangwe, kando ya Ziwa Tanganyika, nikiwatazama wavuvi wa dagaa wakipakia taa na nyavu. Chini yangu huwaona samaki wadogo wa rangi rangi, kila mmoja akizunguka jiwe lake. Hatua chache kutoka hapo kuna mchanga mtupu, lakini hawasogei huko kabisa. Ni nini kinachowazuia? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, samaki hao hawana haja ya kuondoka, kwa maana chakula na maficho vyote wamevipata mahali pamoja. Mwanga wa jua unaopenya maji maangavu ya Ziwa Tanganyika huotesha juu ya mawe utando wa kijani, ule ule unaokutelezesha unaposhuka kuchota maji, nao huukwangua kwa midomo mchana kutwa, kisha giza likiingia hujibanza nyufani. Wengi wao ni wa jamii moja na sato, ambayo ina aina zaidi ya 200 katika ziwa hili, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani.

Majirani wabaya nao wapo. Yuko samaki ambaye riziki yake ni magamba ya wenzake: huwavamia kwa nyuma, na mdomo wake umepinda, wengine kulia na wengine kushoto, hata kila mmoja akawa na ubavu mmoja anaopendelea kuushambulia. Kwangu mimi, hakuna ajabu ya ziwa letu inayoipita hiyo.

Anayetoka kwenda mchangani huacha malisho na maficho kwa pamoja. Ndiyo maana ghuba moja ya mchanga hutosha kuwatenganisha ndugu kwa vizazi vingi, hata samaki wa aina moja akawa na rangi hii upande huu na rangi nyingine ng'ambo ya pili. Dagaa na migebuka ni wasafiri wa maji ya kilindi; hawa wa mawe hawana safari.

Kwa sababu hiyo swali lako naliona zito. Miti ya miteremko iliyo juu ya ufuko inapofyekwa, mvua hushusha udongo, tope likafunika malisho na kuziba nyufa, naye asiyevuka mchanga hana pa kuhamia. Mvua kubwa ikishapita, shuka Bangwe ukapitishe kidole juu ya jiwe lililo chini ya maji. Kikitoka na tope badala ya utelezi wa kijani, panda ukatazame shamba lililo juu yake.