Jibu: Nimelea wadogo zangu, sasa sitaki mtoto. Nina kasoro?

Habari dada. Umesema umelea wadogo zako wanne tangu darasa la tano, na sasa mchumba akitaja mtoto unahisi kukabwa. Mimi pia kifungua mimba, nimebeba wadogo mgongoni hadi kanga zikachakaa.

Kwanza jiulize: unachokataa ni mtoto, au kulea peke yako? Kwangu ilikuwa hilo la pili. Mama alitoka alfajiri na ndoo ya samaki, nikabaki na uji, nepi na homa za usiku. Nilimweleza mwenzangu kabla ya ndoa. Mtoto alipokuja, usiku aliamka mwenzangu (mama mkwe alinuna wiki nzima). Wa pili bado sijaamua.

Ukikuta ni mtoto mwenyewe humtaki, mwambie mchumba kabla mahari haijatoka. Wazazi wako utawaambiaje, hapo sina ujanja.